Sura ya Saba: Kofia ya Sufi Mwezi wa Mei

Baban Salunkhe alianguka kutoka ghorofa ya pili, akatua chali juu ya maboksi matupu, akanyamaza. Studio nzima ikanyamaza naye. Halafu mkono ukachomoza katikati ya maboksi yaliyobonyea, ukapunga, na mwongozaji akasema vizuri, Indarji kaanguka vizuri, tuendelee.

Indarji mwenyewe, nyota Indrajeet Bhanot, alikuwa amekwisha kuwa majivu.

Inspekta Mrunal Dhamale alikuwa ameketi nyuma ya kamera kwenye kiti cha plastiki, chai imempoa mkononi. Watu wa studio ile ya Goregaon alikuwa amewaambia kwamba amekuja kuzungumza na Sharafat Mia, mtu wa nywele. Haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote.

Filamu ilikuwa imebaki robo. Marehemu harudi, na wenye filamu si watu wa kuacha mzigo njiani, kwa hiyo robo ile ilikuwa ikipigwa picha kwa nyuma: mgongo wa Indrajeet Bhanot ukipanda ngazi, mgongo wa Indrajeet Bhanot ukisimama dirishani. Mgongo wenyewe ulikuwa wa Baban. Kwa kweli ulikuwa wa Baban tangu zamani. Miaka na miaka Indrajeet aliruka kutoka kwenye treni, akapenya vioo, akaburutwa na farasi, na nchi nzima ikashika roho mkononi; na kila mara aliyevunjika mbavu alikuwa huyu mtoto wa mkulima wa Ratnagiri, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye pazia la sinema hata mwishoni kabisa, pale watu wanapokuwa wamekwisha inuka wanatafuta viatu.

Sharafat Mia alimkalisha mbele ya kioo, akaanza kubandua nywele za bandia kuanzia masikioni, akilainisha gundi kwa pamba. Zilipotoka, Mrunal aliweka gilasi chini. Kichwa cha Baban kilikuwa na vinywele vya kuchipua, na kisogoni kishungi kimoja kirefu kilichoachwa na wembe. Mtu hanyoi hivyo kwa urembo. Hunyoa hivyo mwana anapowasha moto wa kumchoma mzazi wake.

"Pole," Mrunal alisema. "Ni nani?"

"Mama," Baban alijibu, akimtazama kupitia kioo. "Wiki moja kabla ya bwana mkubwa."

Mrunal hakuandika kitu. Maneno mengine yakishaingia hayatoki.

Kesi ilivyokuwa imefika ni hivi. Kila Jumapili jioni, kwa zaidi ya miaka ishirini, Indrajeet Bhanot alikuwa akitokea kwenye roshani ya nyumba yake ya Juhu ili watu wamwone. Walitoka mbali, wengine Bihar, wengine Nepal, wakasimama nje ya ukuta juani toka asubuhi na watoto mabegani. Yeye alitoka, akainua mkono wa kulia, akarudisha ile shore ya nywele iliyomwangukia usoni kwa mgongo wa kiganja, na watu wakazimia. Jumapili aliyokufa alitokea vilevile. Watu zaidi ya elfu walimwona, na video zilikuwa kwenye simu zao. Baada ya hapo mwanawe, Tanuj, aliondoka kwenda kwenye sherehe ya watu wa filamu, akapigwa picha huko na kila mwenye kamera. Mpishi Ramdhani alirudi kutoka mapumziko yake wakati umati unatawanyika, akapanda na maziwa ya jioni, akamkuta bwana wake sakafuni kando ya kitanda, kichwa kimepasuka kwenye kona ya ngazi ya marumaru ya madhabahu ya nyumbani. Akamwinua. Damu ikamjaa mikononi. Akapiga kelele.

Hesabu ya polisi ilikuwa nyepesi. Jioni yu hai, elfu wamemwona. Baada ya hapo yuko na mpishi peke yake. Nani mwingine? Daktari wa maiti alisema chumba kilikuwa baridi kama jokofu, kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho, kwa hiyo saa ya kifo hawezi kuisema kwa yakini. Lakini kwa kuwa watu walimwona hai jioni, basi ni baada ya jioni. Mkubwa wake Mrunal aliipenda sana hiyo "kwa kuwa". Kesho Ramdhani alikuwa apelekwe kwa hakimu na mashtaka ya kuua, na asubuhi ile mkubwa alikuwa amempigia Mrunal mara mbili kumuuliza anangoja nini, anangoja mpishi aote mbawa?

Mkewe Ramdhani, Phulmati, alikuwa amefika kwa treni kutoka kwao, akakaa kwenye ngazi za kituo na kifurushi cha unga wa dengu, akawa hamwombi mtu chochote. Kila Mrunal alipopita alijifunika ushungi, akasogea kumpisha. Hilo la kupishwa lilikuwa baya kuliko kulaaniwa.

Kilichomsumbua Mrunal kilikuwa kofia. Kwenye video zote za Jumapili ile Indrajeet amevaa kofia ya sufi nyeusi, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mwezi wa Mei, Bombay, hata kunguru wanatweta. Aliwauliza waliokuwa getini. Dereva mmoja wa bajaji alisema ni mtindo wa filamu mpya, afande, wewe huendi sinema? Tanuj alisema baba alikuwa na homa. Magazeti yakaichapa ile picha kuwa ya mwisho, na sasa wachuuzi wa Juhu walikuwa wakiuza kofia za sufi nyeusi, na watu wazima wakizivaa juani wakitiririka jasho, eti wanaomboleza.

Kwanza Mrunal alidhani amelipata jibu. Indrajeet alikuwa na upara, siri ambayo mji mzima uliijua na hakuna aliyeisema. Huenda siku ile hakubandika nywele, akaficha upara kwa kofia. Akaridhika nalo siku mbili. Halafu akarudia kusoma maelezo ya maiti, akakuta kwamba marehemu alikutwa na nywele zake za bandia kichwani, zimeshikwa na gundi, zimechanwa.

Nani anabandika nywele ili azifunike?

Ndiyo maana alikuwa Goregaon. Alimvuta Sharafat Mia pembeni, nyuma ya pazia lililochorwa milima ya theluji, akamuuliza nywele za Jumapili zilibandikwa lini. Mzee alisema kabla ya adhuhuri. Aliitwa ghafla, na siku hiyo hapakuwa na kupiga picha. Mwaka mzima alikuwa haitwi Jumapili. Mrunal alimuuliza mwaka mzima huo nani alikuwa akimtengeneza bwana kwa ajili ya roshani. Sharafat Mia akazisokota ndevu zake zilizopakwa hina, akatazama milima ya theluji. Akasema swali hilo si lake. Lakini palikuwa na neno, na neno hilo alilisema kwa sauti ya chini, na Mrunal akamwomba alirudie mbele ya mashahidi wawili. Alilirudia.

Sasa alimchukua Baban, wakaenda kukaa juu ya maboksi yaliyobaki mazima. Aliagiza chai mbili na mikate miwili ya vada, zile bajia za viazi. Baban alikula taratibu, upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili hauna meno, alisema, umebaki kwenye filamu ya majambazi.

"Uliona mpishi amekamatwa?" Mrunal alianza.

"Nimeona kwenye televisheni."

"Unamfahamu?"

"Ananipa chakula jikoni nikienda. Wali na dengu, kachumbari kando. Hanipi makombo."

"Unakwenda mara ngapi?"

Baban akaifuta mikono kwenye suruali. Akajibu kwamba anakwenda akiitwa.

Mrunal hakumpandishia sauti. Alimwonyesha video kwenye simu, mtu mwenye kofia akitoka, akiinua mkono wa kulia. Mkono ulikuwa umetulia kama wa askari wa gwaride. Halafu akamwonyesha video nyingine, ya harusi ya mtu wa filamu miezi michache nyuma, ambapo Indrajeet ameshika kikombe na kikombe kinagonga kisahani chake, kati kati kati, mpaka mtu mmoja anakuja kumpokea. Daktari wake alikuwa amekwisha thibitisha: ulikuwa ugonjwa wa kutetemeka, na haukuwa na kupona.

"Mkono huu ulipona siku ya Jumapili tu?" Mrunal aliuliza.

Baban aliitazama simu, akageuza uso.

"Na shore ya nywele hakuirudisha. Miaka yote anairudisha, watu wanazimia. Siku hiyo hakuirudisha kwa sababu chini ya kofia hapakuwa na shore, na nywele zako za kazi zilikuwa hazishiki. Gundi haikamati vipele vya wembe, Sharafat Mia kaniambia. Palikuwa na kishungi tu."

"Afande," Baban alisema, "nikikuambia mimi sikuwepo?"

"Nitakuambia watu elfu wamekuona."

Yule mzee akacheka kidogo, bila furaha. "Hawajaniona. Ndiyo kazi yangu hiyo. Wengine wanalipwa kwa kuwepo, mimi nalipwa kwa kutokuwepo."

Basi akaeleza, na Mrunal akamwacha aeleze kwa mwendo wake. Tangu ugonjwa uanze, Jumapili zote za roshani zilikuwa zake. Ukuta uko mbali, jua liko machoni mwa watu, mapenzi yanamalizia kazi iliyobaki. Bwana mkubwa alikaa ndani nyuma ya pazia, akisikiliza jina lake likiitwa. Na kila Jumapili kabla ya kutoka, Baban alimgusa miguu, maana unapokwenda kusimama mahali pa mtu lazima umwombe ruhusa. Baba yake alimfundisha hivyo hata kwa ng'ombe wa jirani.

Jumapili ile alikuwa ameomba asamehewe, yuko msibani. Tanuj akampigia, akasema njoo, hakuna udhuru. Alipofika akapokelewa mlango wa nyuma, akapewa kofia, akapitishwa sebule ya juu badala ya chumbani. Tanuj alikuwa mweupe kama chaki. Alisema baba ana homa, amelala, usimsumbue, toka upunge urudi. Kisha walinzi wakamwita Tanuj chini, naye akashuka.

"Ukaingia chumbani," Mrunal alisema.

"Mkono wenyewe ulisukuma mlango. Mazoea. Niliona nyayo zake, zimetokeza upande wa pili wa kitanda. Yuko sakafuni. Nikasema labda anafanya mazoezi ya mgongo, daktari alimwambia alale chini. Nikainama nikazigusa." Akatazama vidole vyake. "Baridi. Nikasema ni kiyoyozi."

"Ulijua si kiyoyozi."

"Siku saba nyuma nilikuwa nimegusa miguu ya mama. Nilijua."

"Ukatoka."

"Walikuwa wanaita, afande. Indarji, Indarji. Ukuta unatetemeka. Nikatoka nikapunga. Nililia pale, utaona kwenye video nafuta macho. Siku ya pili magazeti yakasema nyota alilia kwa upendo wa watu wake."

Mrunal alimuuliza kwa nini alinyamaza, na mpishi anaoza mahabusu. Baban akasema Tanuj alimwambia maneno machache tu: wewe ndiye uliyetokea kwenye roshani yake umevaa kofia yake, ukisema neno, nani ataaminiwa. Na yeye akaona ni kweli. Mnyonge hana haki. Tena akaongeza, huku akikusanya makombo ya mkate kiganjani, kwamba bwana mkubwa naye hakuwahi kusema jina lake mbele ya watu, hata mara moja, hata kwenye ile sherehe ya miaka thelathini ya kazi, wakati Baban amesimama pembeni na mkono kwenye plasta. Kwa hiyo alijiuliza anamdai nani, na anadaiwa na nani.

Hapo ndipo Mrunal alipolitoa lile neno.

"Sharafat Mia alikuwa anambandika nywele asubuhi ile. Akamuuliza, bwana, leo kuna nini? Indrajeet akamwambia: leo natoka mwenyewe, na mkono wangu huu unaotetemeka. Na nitamtoa Baban nje asimame kando yangu, watu wamwone uso. Mzee alidhani anatania."

Makombo yakamdondoka Baban.

"Ndilo walilogombania yeye na mwanawe," Mrunal aliendelea. "Filamu hii ndiyo ya kwanza ya Tanuj, ni ya baba na mwana. Baba akishatoka mbele ya watu anatetemeka, filamu imekufa. Nadhani alimsukuma. Pengine hakukusudia. Lakini alipoona kafa akawasha kiyoyozi, akakupigia simu wewe."

Kwenye seti mtu aliita kwa kipaza sauti kwamba Indarji anatakiwa, mgongo tu, dirishani. Baban aliinuka kwa mazoea, akasimama, halafu akakaa tena.

"Nifanye nini?" aliuliza.

Siku ile ilikuwa ya kumi na tatu tangu kifo, siku ya kumaliza matanga, na nyumba ya Juhu ilikuwa imejaa. Makuhani walikuwa wamemaliza kuwalisha watu, ubani umetanda mpaka kwenye ngazi. La kuvunda halina ubani, Mrunal aliwaza, akapita. Aliingia na Baban, na wenye maduka wawili wa mtaa kama mashahidi, na karatasi ya kurudia tukio mahali lilipotokea. Konstebo Pednekar alikuwa amekwisha simama nje ya ukuta na kamera, mahali palepale palipopigwa ile video. Mrunal alitaka kujua kitu kimoja tu: bega la mtu linafika wapi kwenye nguzo ya roshani. Indrajeet alikuwa mrefu kuliko Baban kwa upana wa kiganja, na kwa miaka mingi Baban alikuwa akivaa visigino ndani ya viatu. Lakini kwenye roshani hakuna aliyevaa viatu. Kwenye video ya Jumapili ile bega lilikuwa chini ya ua lililochongwa kwenye nguzo. La Indrajeet, kabla ya ugonjwa, siku zote lilikuwa juu yake.

Tanuj Bhanot aliwakuta sebule ya juu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, kanzu nyeupe ya msiba, na nywele zake zote kichwani, nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye kola. Ndiye aliyeuwasha moto wa baba yake, na hakunyoa. Alikuwa amewaambia makuhani kwamba picha za filamu yake zimebaki robo na nywele haziwezi kubadilika, na makuhani walikuwa wamekubali, kwa kuwa ni nyumba ya nani ile.

"Afande, leo?" alisema. "Hata leo? Na huyu umemleta wa nini?"

"Aje kupunga," Mrunal alijibu.

Tanuj alimtazama Baban, akaona kishungi chake kisogoni. Rangi ikamwishia usoni. Alianza kusema juu ya mawakili, kisha juu ya mkubwa wake Mrunal ambaye wanafahamiana, kisha akasema kwa sauti nyingine, ya mtoto, "Mzee Baban, wewe umenibeba mimi mgongoni."

"Nimewabeba wote," Baban alisema.

Mrunal akampa kofia ya sufi, ile aliyoinunua asubuhi kwa mchuuzi getini. Baban akaivaa mpaka kwenye nyusi. Mbele ya mlango wa roshani alisimama, akageukia chumba kitupu cha bwana mkubwa, akaingia, akainama akagusa sakafu pale miguu ilipokuwa, akapeleka vidole kwenye paji la uso. Kisha akatoka.

Chini palikuwa na watu mpaka barabarani, mashada mikononi, kofia nyeusi vichwani, jasho na machozi. Mwanamke mmoja alitazama juu. Mkono wa kulia wa Baban uliinuka. Kwanza kukawa kimya cha watu wasioamini macho yao. Halafu likaja, kutoka ukutani mpaka baharini, lile jina. Indarji! Indarji yu hai! Watu walipandiana mabegani. Mashahidi wawili wa Mrunal, watu wazima wenye maduka, walijikuta wamekutanisha viganja kwa heshima, na mmoja wao alikuwa analia.

Simu ya Mrunal ikaita. Pednekar alisema kwa kupiga kelele kwamba bega liko chini ya ua, afande, chini kabisa, sawasawa na Jumapili.

"Mpigie afisa wa zamu," Mrunal alisema. "Ramdhani asipandishwe gari kesho. Na mkewe aingizwe ndani, apewe kiti."

Tanuj alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono ndani ya nywele zake. Alikuwa akirudia kwamba alimsukuma mara moja tu. Mashahidi waligeuka wakamsikia, na Mrunal akawaambia waweke sahihi.

Nje, Baban alikuwa bado amesimama. Mrunal alimwita arudi, kazi imekwisha. Hakurudi. Alishika kofia kwa mikono miwili, akaivua, akaiweka juu ya ukingo wa roshani, na akawaelekezea watu uso wake wote, na kichwa chake kilichonyolewa, na mdomo wake wenye meno upande mmoja.

Kelele zilikatika, zikianzia mbele na kurudi nyuma. Ndala moja ikarushwa kutoka barabarani, ikagonga ukuta chini ya miguu yake. Kisha sauti ya mwanamume ikauliza kwa hasira, na kila mtu ndani na nje aliisikia:

"Huyo nani?"

Watu walitazamana chini ya kofia zao. Baban alisubiri mtu ajibu.